Mwanamke Aliyemsomesha Binti Yangu

Mtaani kwetu Katindo, mjini Goma, hakuna aliyemwita kwa jina lake. Wote, kuanzia muuza makaa hadi mke wa kapteni, walimwita Mama Profesa. Mimi nilijua kwamba hakuwa profesa. Alikuwa mwalimu wa chuo, wa daraja lililo chini ya profesa, na hakupanda cheo tena hadi akastaafu. Nilijua kwa sababu nilimwuliza binti yangu Riziki, na nilimwuliza kwa sababu nilitumaini jibu litakuwa hilo. Jibu lile lilinifurahisha wiki nzima. Ndivyo nilivyokuwa, na sitajifanya nilikuwa vingine.

Mimi ni fundi wa nguo. Nilimshonea zaidi ya miaka ishirini, na fundi huujua mwili wa mtu kuliko daktari anayemwona mara moja kwa mwaka. Bega lake la kushoto lilikuwa chini kidogo kuliko la kulia. Aliniambia ni madebe ya viazi aliyobeba utotoni, huko juu karibu na Butembo. Nilikuwa naweka kipande cha sponji upande ule bila kumwuliza, akivaa anaonekana amenyooka, na watu wanasema, tazama Mama Profesa anavyosimama. Hawakujua kwamba nusu ya kusimama kule ilikuwa kazi yangu.

Kila gauni alilitaka na mifuko miwili mikubwa. Ndani yake aliweka chaki, miwani, karanga, na vipande vya karatasi. Nilimwambia mifuko inaharibu kiuno.

"Mama Riziki," akasema, "mwanaume iko na mifuko sita, na hakuna mutu anamuuliza kiuno yake iko wapi."

Wateja waliokuwa wamekaa kwenye benchi walicheka hadi mmoja akamwaga chai. Mimi nilikuwa nimefanya kazi pale tangu asubuhi na sikuwa nimemchekesha mtu hata mmoja. Niliishona ile mifuko.

Tulikuwa rika moja. Mimi nilikuwa wa kwanza darasani hadi mwaka wa nne wa sekondari kule Rutshuru. Kisha baba akapata mtu wa kunioa, nikafunga daftari. Yeye naye alikuja kuolewa, ila baada ya diploma, na mumewe hakumzuia kuendelea. Kila nilipomwona akishuka kutoka chuoni kwa miguu, begi begani, bila haraka, nilikuwa nahesabu miaka yangu na kuiweka kando ya yake. Mara nyingi nilichoma sindano kwenye kidole.

Halafu binti yangu akaenda kusomea sosiolojia, na kati ya walimu wote wa Goma akaangukia kwake.

Somo lilikuwa juu ya wanawake na jamii. Jioni Riziki alikuwa anasoma noti zake kwa sauti wakati mimi napinda pindo za nguo, na hivyo nikafundishwa na jirani yangu bila yeye kujua. Mama Profesa alikuwa na njia moja kwa nadharia zote. Aliandika ubaoni maswali mawili: inamwona nani, na inamsahau nani? La kwanza ni nguvu ya nadharia, la pili ni udhaifu wake. Mwanafunzi aliyejibu moja bila jingine alipata nusu ya alama.

Walikuja kwanza watu wa haki sawa, wanaosema badilisheni sheria, fungueni shule, mwanamke aingie bungeni. Nguvu yao, alisema, msiidharau: sheria inayomtaka mke aombe ruhusa ya mume ili afanye kazi haitaondoka kwa sala, itaondolewa na watu wanaodai. Lakini wanamwona mwanamke aliyekwisha kufika mlangoni. Aliye kambini Mugunga, chini ya turubai, wanamsahau.

Wakafuata wale wa kazi na mali, wanaouliza nani anafanya kazi bila kulipwa. Hao wanaiona sufuria, wanayaona maji yanayochotwa ziwani. Ila wanaahidi kwamba unyonyaji wa mali ukiisha na kipigo kitaisha, "na mimi," aliwaambia wanafunzi, "nimeona wanaume wasio na hata kuku wakipiga wake zao."

Halafu wakali, wanaosema mzizi wa yote ni mwanaume kuutawala mwili wa mwanamke. Riziki alishusha sauti hapo, kwa sababu baba yake alikuwa chumba cha pili. Hao walitaja bila haya yale ambayo vita vilifanya kwa wanawake katika mashamba ya Masisi, tena wakasema yapo pia katika nyumba zenye amani. Lakini kwao wanaume wote ni mmoja, na wanawake wote wanafanana.

Na wale wanaosema usimtazame mwanamke peke yake, mtazame na kabila lake, na mfuko wake, na mahali alipolala jana. Mke wa kanali na mkimbizi wa Mugunga wote ni wanawake, lakini mvua haiwanyeshei sawa. Riziki alisoma kwa furaha, kisha akasoma onyo la Mama Profesa: "Mukikata kitambaa bipande bidogo sana, hamutabaki na cha kushona."

Niliacha kupinda. "Soma tena hapo."

Akasoma tena.

"Ile maneno ni yangu," nikasema.

Yalikuwa yangu kweli. Nilimwambia mwaka uliopita, alipotaka sketi ya vipande kumi na viwili.

"Mama," Riziki akasema, "ni mfano tu."

Sikulala vizuri. Kwangu ilikuwa kama amechukua miaka yangu ya shule, sasa anachukua hata maneno yangu na kuyapeleka mahali ambako mimi sikufika. Kesho yake nilifunga mashini, nikavaa kitenge cha Jumapili, nikapanda hadi chuoni. Niliingia katika ule ukumbi wao mkubwa wanaouita oditwari, nikakaa nyuma kabisa. Riziki alikuwa mbele. Aliponiona alitazama chini, kama mtu anayetafuta kalamu iliyoanguka.

Nilikuwa nimepanga kusimama na kumwita mwizi. Mama Profesa alikuwa mwepesi kuliko mimi.

"Leo tuko na mugeni," akasema. "Ile maneno ya kitambaa nilibaandikia, si yangu. Ni ya huyu mama. Nilisahau kusema jina la mwenyewe, na ile ni kosa mbaya sana kwa mutu wa masomo. Mama Riziki, unisamehe mbele ya hawa batoto."

Vichwa mia moja viligeuka. Ungesema nini? Nikasema, "Haiko neno."

"Basi utusaidie. Naona umesikia hizi nadharia kwa binti yako. Udhaifu yake unaona ni nini?"

Sikuwa nimejiandaa. Nilisema lililokuwa rohoni. "Hakuna hata moja inaniambia nani iko nashona sasa hivi, wakati miye nimeikala hapa."

Wakacheka, halafu wakapiga makofi, na kijana mmoja akaandika. Nilihisi joto zuri kifuani, ambalo sikuwa nimelihisi tangu mwaka wa nne wa sekondari. Nikamtafuta Riziki kwa macho ili tulihisi pamoja. Hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anamtazama Mama Profesa, kuona kama Mama Profesa amefurahi.

Nilishuka kwa miguu hadi Katindo.

Baada ya hapo nilianza kumchunguza, kutafuta mahali ambapo nguo imechanika. Mahali hapo palikuwepo. Wasichana aliwakata alama kuliko wavulana, na walipolalamika alisema, "Kule inje batawakata bila kuwaambia sababu. Miye nawaambia sababu." Aliwakataza kufunika mdomo wanapocheka, na yeye mwenyewe alifunika wake kila alipocheka. Nadharia aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ile ya tano, ya Waafrika wanaomweka mama katikati ya kila kitu, wasioomba radhi kwa mtoto aliye mgongoni. Aliandika udhaifu wake mwenyewe ubaoni: asiyezaa atasimama wapi? Na mila ikimwambia mwanamke kaa, nani atamwambia simama? Kisha akasema kwamba pamoja na hayo, hiyo ndiyo yake.

Yeye hakuzaa. Mtaa mzima ulijua. Nakiri kwamba siku nilizojiona mdogo sana mbele yake, nilikuwa nasema moyoni, mimi angalau nina watoto watatu.

Siku moja nilimpelekea gauni nyumbani saa ya kula. Mumewe alikuwa mwalimu wa hesabu, mtu wa sauti ndogo. Alikaa mezani peke yake, na Mama Profesa alisimama kando hadi mzee alipoonja sombe, mboga ya majani ya muhogo, na kuitikia kwa kichwa kwamba ni nzuri. Ndipo yeye akaenda kula jikoni. Nilifurahi kama mtu aliyeokota pete. Aliponisindikiza hadi kwenye uzio nikamwuliza:

"Na zile nadharia, Mama Profesa?"

Hakukasirika. Akaegemea uzio wa mbao. "Ndugu zake walimuletea bibi mwingine, mwenye kuzaa. Ata mahari walitoa. Huyu muzee akakataa. Wakamutukana, wakamutenga, ata leo habamuite ku ndoa. Sasa uniambie, Mama Riziki. Ile sahani naiweka kwa woga ao kwa asante?"

"Sijue."

"Na miye sijue. Siku ingine ni kimoja, siku ingine ni kingine."

Nilirudi bila kitu mkononi. Papa Riziki, mume wangu, Mungu amrehemu, hakuwa mtu mbaya, lakini sikumbuki kitu hata kimoja alichokataa kwa ajili yangu.

Sasa niseme mambo mawili ambayo sipendi kuyasema.

La kwanza ni la ule mwaka lava ilipoingia mjini. Riziki alikuwa na miaka saba. Ilikuwa asubuhi, yeye shuleni, mimi nyumbani na wadogo wawili. Watu walianza kupiga kelele kwamba mlima umepasuka na moto unashuka. Mmoja nilimfunga mgongoni, mwingine nilimshika mkono, na kichwani niliweka kichwa cha mashini ya kushona. Nilijiambia nitapitia shuleni. Njia ilikuwa imejaa watu kama mto, na mto ulikwenda upande wa mpaka, Gisenyi. Lava ikakata mji katikati. Riziki akabaki upande wa pili.

Siku tatu. Siku ya nne nilimpata Mugunga, barazani pa kanisa, amekaa kati ya magoti ya Mama Profesa. Walimu walikuwa wamewatoa watoto kuelekea Sake, naye Mama Profesa alimkuta barabarani analia, akambeba mgongoni hadi pale, mwanamke ambaye mgongo wake haukuwa umewahi kubeba mtoto. Alikuwa amemlisha. Alikuwa amemsuka nywele, mistari midogo iliyonyooka, mizuri kuliko niliyowahi kumsuka mimi.

"Mama!" Riziki aliita, na wote wawili tuliitika.

Watu wakacheka kwa uchovu. Mama Profesa akanipa mtoto mara moja, akisema pole, pole. Sikusema asante. Jioni ileile nilikaa chini nikafumua zile nywele zote, mstari mmoja mmoja, mtoto analia kwamba zinauma na kwamba anazipenda. Mimi nilibeba mashini. Yeye alibeba mtoto wangu. Mashini ile ililisha nyumba nzima baada ya moto, na sijawahi kumwambia mtu kwamba nilifanya kosa kuibeba. Lakini kila nilipoona msichana aliyesukwa vile, nilipita upande wa pili wa barabara.

La pili ni la mwaka waasi walipoingia. Mji ulikaa kimya, watu wakaanza kusikiliza nani anaongea lugha gani. Mimi kwetu tunaongea Kinyarwanda, lugha ya wengi wa wale waasi, na ghafla wateja niliowashonea nguo za ubatizo wakawa hawanioni. Benchi likabaki tupu. Mtu akaandika neno kwa makaa kwenye mlango wangu. Nililifuta kabla watoto hawajaamka.

Mama Profesa alikuja mchana, saa ambayo barabara inajaa. Hakuleta kitambaa. Alileta rundo la mitihani, akakaa kwenye benchi langu, akaanza kusahihisha.

"Batu banaangalia," nikamwambia kwa sauti ya chini.

"Njo sababu nilikuya," akajibu, bila kuinua macho.

Alikaa hadi jua likaenda. Alifanya hivyo siku nne. Siku ya tano mke wa muuza makaa akaleta sketi ya kupunguza, na mambo yakaanza kurudi. Mtu mwingine angempigia magoti. Mimi nilishona kwa hasira siku zote nne, kwa kuwa hata ushujaa alikuwa nao, na mimi sikuwa na chochote cha kumzidi isipokuwa mikono. Na Riziki, aliyekuwa anamaliza sekondari, alisimama mlangoni akimtazama yule mwanamke na mitihani yake. Niliona pale pale kwamba nimempoteza kidogo.

Miaka ikapita. Riziki alimaliza chuo hapa, akaenda Kinshasa kuandika tezi, yaani tasnifu ya udaktari wa chuo. Alinipigia simu kila Jumapili: umeamka aje, Mama, dawa unakunywa, mvua inanyesha? Mazungumzo mafupi, ya heshima. Kwa Mama Profesa, nilisikia, alikuwa anatuma ujumbe wa kurasa. Papa Riziki alikufa. Yule mwalimu wa hesabu naye alikufa, na mjane wake akahamia mtaa wa Lac Vert, kwa mpwa wake. Sikumwona kwa muda mrefu, na nitasema ukweli, nilipumua.

Alikuja baada ya vita hivi vya mwisho, mji ulipokuwa umebadilisha mikono tena na benki zimefungwa. Alishuka polepole kwenye pikipiki, dereva akamshika mkono. Alikuwa amekonda. Mfukoni alikuwa na bahasha nene.

"Riziki amemaliza," akasema, akikaa. "Alinitumia ku simu. Nikaenda kutoa ku karatasi, macho yangu haiwezi tena ile kioo kidogo. Nataka usikie."

Mwanangu amemaliza tezi, na amemtumia yeye kwanza. Nilizima mashini polepole ili mikono ipate kazi.

Akavaa miwani, akageuza kurasa hadi pale palipokuwa na alama, akasoma: "Mwalimu wangu alitufundisha nadharia tano, na kwa kila moja alituonyesha imemsahau nani. Hakutuonyesha yeye mwenyewe alimsahau nani."

Nilidhani nimesikia vibaya. Akaendelea. Riziki aliandika kwamba mwalimu wake alihubiri udada wa wanawake miaka thelathini bila kuuliza kama wanawake wa mlango wa pili wanampenda. Kwamba nadharia ya mama katikati ilimfaa kwa sababu ilimwezesha kupenda watoto wa wengine bila kuwauliza mama zao wanajisikia aje. Kwamba alijua kuwaona walio mbali, Mugunga na Masisi, kuliko aliyemshonea nguo. Mama Profesa alisoma hayo kwa sauti ileile ya darasani. Zilikuwa kurasa nane.

"Anakutukana," nikasema, na sauti yangu haikuwa na huzuni ya kutosha.

"Apana. Anajibu." Akafuta miwani kwa kitenge, na nikaona uso wake. Alikuwa anaona fahari. "Angalia hapa. Amerudia noti zangu za mwaka wa kwanza, miye mwenyewe nilikuwa nimezisahau. Na hapa. Hii yote amenisoma, Mama Riziki. Yote."

"Na juu yangu? Ameandika?"

Aligeuza ukurasa mmoja. Kisha akaweka kidole chini ya mstari, akanisogezea. Nilisoma mwenyewe. "Mama yangu alimwonea wivu maisha yake yote."

Pasi ilikuwa inawaka mezani. Nikaiondoa.

"Ulijua?" nikauliza.

"Nilijua."

"Juu ya nini hukusema kitu, miaka yote?"

Alitazama barabara. "Niliogopa utamukataza mutoto kukuya kwangu." Akaikunja ile bahasha tupu. "Riziki hajaandika hiyo. Hakuijua. Lakini ni kweli kuliko ile ameandika."

Hatukukumbatiana. Nilimpa chai, akanywa bila sukari, dereva akarudi kumchukua, akapanda kwa shida. Aliniachia zile karatasi. Nilibaki nazo magotini, nikihesabu. Kurasa nane za kumkataa yeye, na kwangu sentensi moja. Mtu hawezi kukupinga kurasa nane kama hakukusikiliza miaka ishirini. Mimi binti yangu alikuwa ananiuliza kama nimekunywa dawa. Hata kukosolewa alinishinda. Nilimwonea wivu kwa hilo kuliko kwa chaki, kuliko kwa diploma, kuliko kwa mume wake.

Haikuwa Jumapili, lakini nilipiga simu.

"Mama? Kuko nini? Uko mugonjwa?"

"Mama Profesa alikuwa hapa. Nimesoma."

"Mama, unisamehe. Ile mstari, sikutaka..."

"Ni kweli," nikasema. "Nilimuonea wivu. Lakini umeandika mustari moja tu, Riziki. Hukusema ulianza wapi. Hukusema juu ya nini. Hukuniuliza. Yeye umemujibu kurasa munane, na miye umenifunga kwa mustari moja. Ile njo udhaifu ya kitabu yako."

Kule Kinshasa mlango ukafungwa.

"Ulianza wapi, Mama?" akauliza. Haikuwa ile sauti ya Jumapili.

"Utafute kalamu."

"Ngojea," akasema, na nikasikia anavuta kiti.